Ratiba kwanza, ramani baadaye: kuzunguka viwanja vya besiboli ya ligi ndogo Indiana na Ohio

Ukifungua ramani ya Marekani ukatazama pale Indiana inapopakana na Ohio, utashawishika haraka. Indianapolis, Fort Wayne, South Bend, Toledo, Columbus, Dayton: miji sita, kila mmoja una timu yake ya besiboli ya ligi ndogo, na kutoka mji mmoja hadi unaofuata ni chini ya saa tatu kwa gari. Mzunguko mzima ni kama kilomita 1,100. Mtu anajipigia hesabu: Jumanne hapa, Jumatano pale, Jumapili tumemaliza. Anakata tiketi ya ndege, anakodi gari, na baada ya hapo ndipo anafungua ratiba na kukuta kwamba wiki aliyoichagua viwanja vitatu kati ya sita havina mchezo hata mmoja.

Hilo ndilo kosa la kwanza la karibu kila mtu anayeanza safari hizi, na chanzo chake ni jinsi ligi zilivyopangwa. Tangu mageuzi ya 2021, kuna timu 120 zilizo chini ya klabu za ligi kuu, katika madaraja manne. Triple-A iko juu, inafuata Double-A, kisha High-A, na chini Single-A. Kila klabu ya ligi kuu ina timu moja katika kila daraja, na humo ndimo inamokuzia wachezaji wake. Ili kupunguza safari za basi, timu ngeni hukaa mji mmoja wiki nzima: inacheza michezo sita na mwenyeji yule yule, Jumanne hadi Jumapili, na Jumatatu ni ya mapumziko na safari. Wapinzani nao mara nyingi ni majirani. Toledo, Columbus na Indianapolis zinacheza ligi moja, International League. Fort Wayne, Dayton na South Bend ziko Midwest League. Columbus wakiwa wageni wa Toledo, uwanja wa Columbus umelala siku sita. Ni sawa na kwenda Mkwakwani siku ambayo Coastal Union wanacheza Mbeya. Utapiga picha geti, basi.

Kwa hiyo anza na karatasi. Chora jedwali: wiki za msimu upande wa kushoto, timu sita juu, kisha fungua ratiba ya kila timu na utie alama wiki ambazo iko nyumbani. Kazi hiyo ni ya saa moja tu, na inaokoa mamia ya dola. Utaona mambo mawili. Kwanza, wiki ambayo timu zote sita ziko nyumbani ni adimu. Ukipata nne umebahatika. Pili, timu iliyo ugenini wiki hii mara nyingi iko nyumbani wiki inayofuata. Hapo ndipo penye ujanja wenyewe. Usianze safari Jumanne. Anza Ijumaa. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili unatembelea viwanja vitatu vilivyo wazi wiki hiyo; Jumatatu unaendesha gari na kupumzika; Jumanne, Jumatano na Alhamisi unachukua vile vitatu vilivyofunguliwa wiki mpya. Siku saba, viwanja sita, bila kukimbizana. Ila usiamini kanuni hiyo bila kukagua, maana kuna timu hukaa nyumbani wiki mbili mfululizo au kusafiri wiki mbili, na katikati ya Julai ligi zote husimama siku chache.

Ukishapata wiki, ndipo uirudie ramani, na hapa lazima ukubali kwamba njia yako haitakuwa duara zuri. Huenda ratiba ikakutaka utoke South Bend uende Columbus, zaidi ya saa nne barabarani, halafu urudi nyuma Fort Wayne. Ni afadhali saa moja zaidi ya kuendesha kuliko kufika mji ambao hauna mchezo.

Majira na tarehe za kukwepa

Triple-A huanza mwishoni mwa Machi na kumalizika katika nusu ya pili ya Septemba. High-A huanza wiki ya kwanza ya Aprili hivi na kufunga mapema Septemba. Aprili usiende kama hujazoea baridi: usiku joto hushuka hadi nyuzi 5 au chini ya hapo, na kiti cha plastiki kwa saa mbili na nusu ni adhabu. Ukilazimika, vaa kama unayekwenda kulala nje. Mei ya katikati hadi mwanzo wa Juni ni nzuri, tena Agosti baada ya shule kufunguliwa, wakati umati umepungua na tiketi ni rahisi kupata.

Tarehe zinazoua bajeti ni za matukio yasiyohusu besiboli kabisa. Indianapolis, wikiendi ya mwisho wa Mei ina mbio za magari za Indy 500. Hoteli hupandisha bei mara kadhaa na nyingine zinakulazimisha ulipie usiku mbili au tatu. South Bend ina Chuo Kikuu cha Notre Dame: wikiendi ya mahafali katikati ya Mei, na wikiendi za futiboli ya Kimarekani kuanzia mwisho wa Agosti, chumba cha kawaida cha moteli huuzwa kwa bei ya hoteli kubwa. Columbus ni hivyo hivyo wakati timu ya chuo kikuu cha Ohio State inacheza nyumbani. Weka tarehe hizi kwenye jedwali lako kwa rangi nyekundu kabla ya kulipia chochote.

Kuhusu saa: miji yote sita inatumia saa za mashariki, lakini Chicago, ambako wageni wengi hushukia kwa sababu ndege ni nafuu, iko nyuma saa moja. Ukitoka Chicago saa 8 mchana kwenda South Bend, mwendo wa saa mbili hivi, utafika saa 11 jioni kwa saa ya huko. Watu wamekosa nusu ya mchezo kwa hilo. Michezo ya katikati ya wiki huanza kati ya saa 12:05 na 1:15 jioni. Ya Jumapili mara nyingi saa 7 mchana. Na ukiona mchezo wa katikati ya wiki uliopangwa saa 5 asubuhi, jua ni siku ya shule: maelfu ya watoto kwa mabasi ya njano, kelele kuanzia mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Wapo wanaoipenda. Mimi naiepuka.

Tiketi, kiti, jua

Tiketi ya kawaida ni dola 10 hadi 25, na za bei ya chini ni za mteremko wa nyasi nyuma ya uzio wa uwanja, unakotandika shuka lako na kukaa. Ukinunua mtandaoni kuna ada ya huduma juu yake, wakati mwingine dola kadhaa kwa kila tiketi. Ukinunua dirishani uwanjani, timu nyingi haziitozi. Kwa mchezo wa Jumanne au Jumatano nenda dirishani. Ijumaa na Jumamosi nunua mapema, maana usiku hizo kuna fataki na familia zote za mji ziko hapo. Alhamisi bia huuzwa bei ya chini katika viwanja vingi, na umati ni wa vijana. Mwenye watoto wadogo achague siku nyingine.

Jambo ambalo mgeni halifikirii ni jua. Mwishoni mwa Juni huko Indianapolis jua huzama baada ya saa 3 usiku. Mchezo ukianza saa 12:35 jioni, utakuwa na jua usoni zaidi ya nusu ya mchezo ukikaa upande usiofaa. Viwanja vingi vimejengwa mpigaji akitazama mashariki au kaskazini mashariki, ili jua la jioni lisimpige machoni. Maana yake kivuli hufika mapema zaidi nyuma ya mpigaji na upande wa besi ya tatu (besi ni vituo ambavyo mchezaji hukimbilia; ya kwanza iko kulia kwa mpigaji, ya tatu kushoto), na wanaoungua ni wa besi ya kwanza na wa nyasi ya kulia. Kabla ya kununua, fungua picha ya setilaiti ya uwanja uone umeelekea wapi.

Kiti kilicho nyuma ya wavu ni salama. Nje ya wavu, weka simu chini mpira unaporushwa. Mpira unaotoka pembeni hufika kabla hujainua kichwa, na anayeumia mara nyingi ni aliyekuwa anapiga picha chakula chake.

Kuhusu mizigo, kila uwanja una sheria yake. Vingi vinakataa begi la mgongoni, vingine vinataka mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo. Soma ukurasa wa sheria wa kila timu siku moja kabla, na uwe na pochi ndogo inayotosha simu, kadi na dawa. Itapita kila mahali. Fedha taslimu pia inakataliwa katika viwanja vingi, kwa hiyo kadi inayofanya kazi Marekani ni lazima. Mtu anayesafiri na kadi ya benki ya nyumbani aiambie benki yake mapema, vinginevyo itafungwa kwenye kibanda cha soseji, foleni ikiwa nyuma yake.

Mageti hufunguliwa kama saa moja kabla ya mchezo. Wengi huwahi wakitaka kuona wachezaji wakifanya mazoezi ya kupiga, lakini timu mwenyeji kwa kawaida imeshamaliza wakati huo. Kinachopatikana ni saini: simama karibu na benchi la wachezaji, kalamu yako mwenyewe mkononi, uombe kwa adabu na kwa jina. Majina yako kwenye karatasi ya kikosi, iliyobandikwa kwenye ukumbi au kupatikana kwa simu.

Mvua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mvua ndiyo inayovunja safari hizi zaidi ya kitu kingine chochote. Juni na Julai, Indiana na Ohio hupata ngurumo za jioni zinazokuja bila kubisha hodi. Radi ikionekana karibu, wachezaji wanaondolewa, turubai linatandazwa, na unaweza kusubiri dakika 40 au saa mbili. Ikishindikana, mchezo unaahirishwa, na tiketi yako haigeuki fedha. Inageuka ruhusa ya kuingia mchezo mwingine wa timu hiyo msimu huo huo. Kwa mwenyeji ni sawa. Kwa wewe unayelala Toledo kesho, karatasi hiyo haina thamani.

Kinga yake ni mbili. Ya kwanza: usipange uwanja unaoutamani kuliko vyote katika siku ya mwisho ya mfululizo. Upange mapema, ili mvua ikiharibu leo uweze kukaa usiku wa pili. Ya pili: mchezo ulioahirishwa kwa kawaida hurudiwa siku inayofuata kwa michezo miwili mfululizo ya zamu 7 (vipindi ambavyo kila timu hupiga mara moja) kila mmoja badala ya 9, na mara nyingi tiketi moja inaingiza yote miwili. Mgeni mwenye nafasi siku hiyo anapata besiboli ya saa tano kwa dola 12. Ila muda wa kuanza hubadilika, hivyo angalia ukurasa wa timu asubuhi, mchana, na kabla ya kutoka hotelini. Jumapili ndiyo hatari zaidi: timu ngeni ina basi la kupanda jioni, na mchezo ulioharibika huenda usirudiwe wiki hiyo.

Chukua hoteli inayoruhusu kufuta bila faini hadi saa 12 jioni ya siku ya kufika. Ni ghali kidogo, lakini ndiyo inayokupa uhuru wa kubadili njia.

Miji yenyewe

Indianapolis ina Victory Field, uwanja wa Triple-A uliofunguliwa 1996 katikati ya mji, na nyasi inayozunguka karibu eneo lote la nyuma. Nunua tiketi ya nyasi utembee. Unaweza kuuzunguka uwanja wote kwa miguu mchezo ukiendelea. Gari acha hotelini kama umelala katikati ya mji. Timu yenyewe, Indianapolis Indians, ilianzishwa 1902 na iko chini ya Pittsburgh Pirates. Hapa ndipo Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alipokuwa akicheza kabla ya kuitwa Pittsburgh mwezi Aprili 2017, akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu. Alipiga mpira wake wa kwanza vizuri akafika besi. Alisubiri miaka minane ndani ya ligi ndogo ili kufika hapo.

Inafaa ulijue hilo unapowatazama vijana hawa. Mkataba wa wachezaji wa ligi ndogo wa 2023 uliweka mshahara wa chini wa Triple-A kuwa dola 35,800 kwa mwaka. Wa ligi kuu mwaka huo ulikuwa 720,000. Ndiyo maana mchezaji wa miaka 29 anakimbia besi ya kwanza kama wa miaka 19 katika mchezo ambao matokeo yake yatasahaulika kesho. Na ndiyo maana hupaswi kwenda kwa ajili ya mchezaji mmoja: anayefanya vizuri huondolewa ghafla kupandishwa daraja, hata saa chache kabla ya mchezo. Mrushaji wa kuanza hutangazwa siku moja au mbili kabla, na hata hapo hubadilika.

Ukiwa na asubuhi ya bure, pita mtaa wa 16 upande wa magharibi uone Bush Stadium, uwanja wa 1931 uliogeuzwa nyumba za kupanga. Ukuta wa mbele umebaki, na watu wanaishi mahali palipokuwa majukwaa. Timu ya weusi ya Indianapolis Clowns, ambamo gwiji wa besiboli Hank Aaron alianzia 1952, ilibeba jina la mji huu.

Fort Wayne ni saa mbili kaskazini. Parkview Field, uliofunguliwa 2009, kwa maoni yangu ndio bora kuliko yote sita ingawa timu yake ni ya High-A tu: njia pana inayozunguka uwanja mzima, mji mbele ya macho, maegesho ya bei ndogo umbali wa kutembea. Timu inaitwa TinCaps, yaani kofia za bati, kwa ajili ya John Chapman, yule mpanda mitufaha aliyesemwa kuvaa sufuria ya bati kichwani, ambaye alifia na kuzikwa mji huu. Wenyeji watakukumbusha pia kwamba mchezo wa kwanza wa ligi ya kulipwa Marekani ulichezwa hapa tarehe 4 Mei 1871, Fort Wayne wakiwafunga Cleveland 2-0. Kaa siku moja zaidi ukiweza.

South Bend nitaipita haraka. Uwanja ni wa zamani kidogo, ulijengwa miaka ya 1980, na timu iko chini ya Chicago Cubs, ndiyo maana wikiendi hujaa watu wa Chicago. Duka la jezi limo ndani ya sinagogi la mwaka 1901 lililosimama pembeni ya uwanja. Ingia hata kama hununui. Asiyekuwa na gari anaweza kufika mji huu kwa treni kutoka Chicago, lakini kituo kiko uwanja wa ndege, hivyo bajeti teksi.

Kutoka South Bend kwenda Toledo njia ya haraka ni barabara kuu ya kulipia. Hapo soma mkataba wa gari la kukodi kwa makini: kampuni nyingi zina kifaa kwenye kioo kinacholipa chenyewe, na wanakutoza ada ya kila siku juu ya nauli ya barabara, wakati mwingine hata kwa siku ambazo hukupita. Uliza kaunta kama kifaa kinaweza kufungwa, ulipe mwenyewe kwa kadi kwenye vibanda. Ukitokea Fort Wayne, barabara ya US 24 inakufikisha Toledo kama kilomita 160 bila kulipa kitu.

Toledo ndiko ningekaa usiku mbili. Uwanja wa Mud Hens, timu ya Triple-A ya Detroit Tigers, ulifunguliwa 2002 ukiwa umebanwa kati ya maghala ya zamani ya matofali, na pale kona ya kulia viti vya The Roost vimening'inia juu ya uwanja. Tiketi za pale huisha mapema, kwa hiyo hizo nunua wiki kadhaa kabla. Jina la timu ni la ndege wa majini wa mabwawa ya huko, na linatumika tangu 1896. Kabla ya hapo, 1884, mdakaji wa timu ya Toledo alikuwa Moses Fleetwood Walker, Mmarekani mweusi aliyecheza katika ligi iliyohesabiwa kuwa kuu. Baada yake weusi walifungiwa mlango wa ligi kuu, ukafunguliwa tena na Jackie Robinson 1947. Mchana nenda jumba la sanaa la Toledo. Kiingilio ni bure, unalipia maegesho. Chakula kula nje ya uwanja, kwa Tony Packo's, soseji za Kihungaria zenye mchuzi wa nyama na pilipili zinazouzwa tangu 1932. Ni soseji za nguruwe na ng'ombe, mwenye masharti aulize kwanza.

Suala la chakula ni la kila uwanja, kwa kweli. Halali ni adimu ndani ya viwanja, na soseji za ng'ombe peke yake hazipo kila kibanda. Viazi vya kukaanga, bisi, mahindi na piza ya jibini vinapatikana. Kwa anayetaka chakula cha kwetu, Columbus ndiyo kimbilio: jamii ya Wasomali pale ni miongoni mwa kubwa kabisa Marekani, na upande wa kaskazini mwa mji, kuanzia Morse Road, utapata wali wa pilau, mbuzi, sambusa na chai ya maziwa. Wengi wa wenyeji hao walipita Kenya, usishangae kujibiwa Kiswahili. Kula huko saa 10 alasiri, kisha ndiyo uende Huntington Park. Uwanja huo ni wa 2009, katikati ya mji, na jengo la upande wa kushoto lina viti hadi juu ya paa. Columbus wana pia usiku wa soseji kwa senti 10 moja moja. Foleni ni ndefu kiasi kwamba utakosa zamu mbili nzima, kwa hiyo piga foleni mara moja, nunua zako zote.

Columbus na Dayton zimeachana kama kilomita 115 tu. Lala mji mmoja usiku mbili, uende mwingine na kurudi. Siku ya nne au ya tano ya safari ndipo uchovu unapoingia: kila jioni kelele zile zile za kipaza sauti, michezo ya kuchekesha katikati ya zamu, kulala saa 6 usiku, kufunga begi asubuhi. Usipolazimika kufunga begi kwa usiku mbili mfululizo, kiwanja cha tano kitakuwa na raha kama cha kwanza.

Dayton wanajaza uwanja wao tangu ulipofunguliwa 2000. Julai 2011 walifikisha michezo 815 mfululizo iliyouzwa yote, wakavunja rekodi ya timu ya mpira wa kikapu ya Portland, na waliendelea. Isikutishe. Kuuzwa yote hakumaanishi kila kiti kina mtu. Wenye tiketi za msimu huuza walizoshindwa kutumia, na tiketi za nyasi hupatikana. Angalia tena mchana wa siku ya mchezo, bei hushuka. Jumatatu, siku isiyo na mchezo na makumbusho mengi ya Marekani yamefungwa, jumba la makumbusho la Jeshi la Anga lililo nje kidogo ya Dayton liko wazi, kiingilio na maegesho bure, ndege halisi mamia kwa mamia chini ya paa. Tenga saa nne, vaa viatu vya kutembelea.

Gharama

Kwa watu wawili, siku saba, ukichukua mafuta lita 90 hivi kwa mzunguko wote, ni dola 75 hadi 90. Moteli ya kawaida ni dola 90 hadi 150 kwa usiku, na bei ya mtandaoni haijaweka kodi, ambayo katika miji hii hupita asilimia 12. Maegesho karibu na uwanja dola 5 hadi 15. Ukitembea dakika kumi utapata ya bure au ya mita, lakini soma bango la mita mpaka mwisho. Chakula ndani ya uwanja hesabu dola 15 kwa kichwa. Gari ndilo linalokula bajeti: aliye chini ya miaka 25 anatozwa nyongeza kila siku, kulirudisha mji mwingine kuna ada nene, na bima ya kaunta inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Kadi nyingi za mkopo za Marekani zina bima hiyo. Kama mwenyeji wako anakukodia kwa kadi yake, jina la dereva liwe lake pia, la sivyo bima haifanyi kazi.

Acha dola 50 pembeni kwa ajili ya barabara za kulipia na faini za maegesho. Hizo huja kwenye kadi wiki kadhaa baada ya kurudisha gari, zikiwa na ada ya usumbufu ya kampuni juu yake, na risiti ya kibanda ndiyo pekee itakayokusaidia ukitozwa mara mbili.